Friji Tuliyoigeuza Kichwa Chini

Nilipelekwa Doldol, nchi kavu ya Wamasai kaskazini mwa Nanyuki, nikiwa na miaka ishirini na sita, muuguzi wa pekee katika kliniki ndogo ya kanisa yenye vyumba vitatu, tangi la maji ya mvua na friji moja ya mafuta ya taa. Hiyo ilikuwa miaka ya sabini. Kliniki yenyewe haiko tena. Ilifungwa zamani, na watu wakachukua mabati, halafu milango, halafu mawe.

Mimi ni mtoto wa Nyeri. Nimekulia mahali ambapo maziwa yanaachwa mezani jioni na asubuhi yanakutwa baridi, ambapo mwezi wa Julai ukungu hauondoki hadi saa sita mchana. Nyumbani sikuwahi kumwona mtu akitafuta baridi. Tuliikimbia, tukajifunika, tukakaa jikoni. Doldol ndiko nilikojua kwamba kuna watu wanaohitaji baridi kama wanavyohitaji maji, na kwamba ikipotea mtoto anaweza kufa.

Friji ilisimama katika chumba cha nyuma. Chini yake kulikuwa na kitangi cha mafuta na utambi, na moto wake mdogo wa buluu ndio uliofanya sehemu ya juu iwe baridi. Nilipoelezwa jambo hilo mara ya kwanza nilidhani natungiwa mzaha. Ndani yake tuliweka chanjo za watoto: ya polio, ya kifaduro, na ile ya ukambi, ambao vitabuni wanauita surua.

Aliyenifundisha kuitunza friji alikuwa mwanamke wa Kimasai wa rika langu, aliyekuwa akifagia kliniki, kuteka maji na kunitafsiria. Muuguzi aliyenitangulia alikuwa amemwonyesha namna ya kukata utambi ukae sawa na kusugua bomba la moshi kwa brashi ndefu. Kiswahili chake alikipata kwenye soko la mifugo Nanyuki, na changu nilikipata shuleni, kwa hivyo tuliivunja lugha pamoja, kila mmoja kwa njia yake. Akawa rafiki yangu, akaniita Sista. Alikuwa na kicheko kirefu kilichomfanya aketi chini. Alikuwa pia ameharibikiwa na mimba mbili, na hilo hakuliongelea ila siku moja tu, tukiwa tunafua mashuka, alipouliza kama vitabu vyangu vinasema ni kwa nini.

Ya tatu ilikaa. Mtoto alizaliwa katika chumba changu cha kujifungulia, saa tatu asubuhi, msichana, na kilio chake kilisikika hadi dukani. Mama yake alipomaliza kumtazama vidole vyote aliniambia, "Sista, huyu atachukua jina yako."

"Na watu wa kwenu watakubali?"

"Ako na ile ya kwetu. Lakini mimi nitamwita ya kwako."

Basi kuanzia siku hiyo nikawa na wajina. Alibebwa mgongoni mama yake akifagia, akalazwa kwenye kikapu cha bandeji wakati wa kazi, na alipoanza kutambaa alikuwa akija moja kwa moja kwenye viatu vyangu vyeupe, anavuta kamba. Nilikuwa sijaolewa wakati huo. Sitasema nilimpenda kama mwanangu, kwa sababu baadaye nilizaa na najua tofauti. Lakini nilikuwa nikisikia mlango wa nyuma ukifunguliwa asubuhi, moyo unaamka.

Wajina wangu alikuwa na miezi kama saba friji ilipoanza kukataa kazi. Kwanza barafu haikuganda vizuri. Kisha ikawa maji baridi tu. Tulikata utambi, tukasugua bomba, tukabadilisha mafuta. Moto uliwaka safi kabisa, lakini kipimajoto kilichoning'inia ndani kiliendelea kupanda. Chanjo zilizokuwemo nikazimwaga zote, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa. Niliandika kwenye daftari na kupiga mstari chini, nikijiona muuguzi hodari.

Nilipanda lori la wachuuzi wa mbuzi hadi Nanyuki kumwona mchungaji aliyesimamia kliniki yetu. Alikuwa mtu mwema, mnene kidogo, mzaliwa wa upande wa Karatina. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akafungua droo na kutoa barua.

"Dada, wale marafiki wa kanisa wa ng'ambo wako tayari kutuma friji ingine, mpya. Lakini ati mpaka tuandike hii ya zamani imekufa kabisa, haitengenezeki. Halafu tungoje meli."

"Tungoje muda gani?"

"Miezi sita. Pengine mwaka."

"Na chanjo?"

Akafunga droo polepole. "Bila friji hakuna chanjo, dada. Wewe ndiye unaijua hiyo mashine. Ukiniambia imekufa, nitaandika leo. Ukiniambia itapona, nitaacha. Amua wewe."

Sikuamua palepale. Nilitembea hadi nyuma ya soko, kwa mzee mmoja Mwislamu ambaye watu wote wa Nanyuki walimpelekea stovu, taa za karabai na friji za mashambani. Alikuwa amekaa kwenye mkeka nje ya kibanda chake, kofia nyeupe kichwani, vyuma vimemzunguka. Nikamweleza dalili. Akaniuliza maswali mengi kama daktari anavyouliza: moto una rangi gani, bomba la nyuma lina joto hadi wapi, friji imesimama sawa au imeinama. Wiki iliyofuata aliomba nafasi kwenye lori na akaja mwenyewe hadi Doldol.

Aliigusa friji mgongoni kwa kiganja, huku na huku. Kisha akatuambia tuimwage mafuta na tuigeuze kichwa chini.

Rafiki yangu alicheka hadi akaketi. "Mzee, hiyo ni mbuzi?"

"Cheka tu, mama," mzee akasema, naye akitabasamu. "Ndani ya mabomba haya mna maji na dawa. Hewa imeziba njia. Tukiigeuza, vitachanganyika tena."

Tukaigeuza, watu watatu tukihema, tukaiacha miguu juu hadi siku ya pili. Kisha tukaisimamisha, tukaiacha itulie, tukawasha moto. Kufikia siku iliyofuata kulikuwa na ukungu mwembamba kwenye ukuta wa ndani, na jioni maji kwenye kikombe yakaganda. Nilipiga makofi. Lakini yule mzee hakupiga. Aliniita nje, mbali kidogo na mlango.

"Binti yangu, nikwambie kweli. Nimeiamsha, sikuiponya. Mabomba yamechoka. Yaweza kwenda mwaka, yaweza kukata kesho kisha yenyewe yakarudi, wala usijue. Ingekuwa ya kuweka nyama ya mtu wa shamba, ningesema itumie. Kwa dawa ya mtoto mchanga, ngoja mpya."

"Mwaka mzima, mzee? Ukambi hauningoji mimi."

"Hilo nalo ni kweli," akasema, na akaangalia chini. "Mimi nimesema langu. Mwenye kujua watoto ni wewe."

Nimerudia maneno hayo mara nyingi maishani mwangu. Hakuna aliyenidanganya. Mchungaji aliniachia uamuzi, fundi akanionya uso kwa uso. Nikamwandikia mchungaji kwamba friji imepona na asiagize nyingine. Nilikuwa na sababu zangu. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimeuona ukambi ukipita kwenye manyatta moja, boma la Wamasai, kama moto wa nyasi, na sikutaka kukaa miezi kumi na mbili nikiwaambia akina mama kwamba dawa ipo ila hatuna pa kuiweka. Hata leo sababu hizo nikizitazama si za kijinga. Ndilo linaloniumiza.

Chanjo mpya zilitoka Nanyuki siku ya Alhamisi ndani ya sanduku la barafu. Tulitangaza kwamba Jumatatu, siku ya soko, watoto wote waletwe kudungwa. Rafiki yangu alizunguka manyatta kwa manyatta akieleza, kwa maana wanawake wengi waliogopa sindano. Aliwaambia atamleta wa kwake awe wa kwanza, wamwone kwa macho.

Jumamosi niliitwa kwa mama aliyekuwa ameshindwa kujifungua, mbali, mwendo wa saa tano kwa miguu. Rafiki yangu akaenda nami kutafsiri, mtoto mgongoni. Mama yule aliokoka na mtoto wake pia, na tulirudi Jumapili alasiri tumechoka lakini tunaimba. Niliingia chumba cha nyuma nikafungua friji.

Moto ulikuwa unawaka. Ndani kulikuwa na joto. Halikuwa joto la kuchoma, ni lile la chumba tu, kama kabati la vyombo. Kipimajoto kilikuwa kimepita mahali panapotakiwa, mbali sana. Kikombe cha barafu kilikuwa kimejaa maji.

Niliisogeza friji, nikaisukuma, nikaweka kijiwe chini ya mguu mmoja isimame sawa. Sikujua ilikuwa imekaa hivyo tangu saa ngapi. Labda saa mbili. Labda tangu Jumamosi asubuhi. Nilikaa nayo hadi jua likatua, na kabla sijatoka nilisikia baridi kidogo kwenye kiganja. Asubuhi ya Jumatatu kipimajoto kilikuwa pale pale panapotakiwa kabisa, na vile vichupa vilikuwa vimepangwa kwa safu, safi, vyeupe, kama vilivyokuja. Chanjo iliyoharibika haina harufu. Haibadiliki rangi. Huwezi kuionja.

Nje tayari kulikuwa na wanawake. Wengine walikuwa wamelala njiani ili wafike mapema. Walikaa chini ya ukuta upande wa kivuli, watoto wamepakwa mafuta, wamevalishwa shanga. Hata bila kuhesabu niliona kwamba hawajawahi kuja wengi namna ile, na kwamba nikiwarudisha leo hawatakuja tena. Nikajiambia joto halikukaa sana. Nikajiambia dawa hii ni ya unga, inavumilia, hadi itiwe maji. Nikajiambia baridi imerudi.

Rafiki yangu aliingia akiwa amembeba wajina wangu, ambaye sasa alikuwa na miezi tisa na meno mawili. Aliniona nimesimama mbele ya friji iliyo wazi. Hakujua kusoma kipimajoto, lakini alijua kunisoma mimi.

"Sista, iko sawa?"

"Iko sawa," nikasema.

Akatoka nje, akamwinua mtoto juu wote wamwone, akamshika mkono wake mdogo. Nikamdunga. Alilia kidogo, kisha akanyamaza akavuta kitambulisho kifuani mwangu. Wanawake wakacheka, wakaanza kusimama mmoja mmoja. Tulidunga hadi saa tisa.

Friji ilikata tena baada ya wiki tatu, na mara hiyo haikurudi. Nikaandika barua nyingine kwa mchungaji, kwamba imekufa. Kuhusu ile Jumapili sikuandika chochote, si kwenye barua, si kwenye daftari.

Miezi mitano ilipita. Mvua ilikosa, watu wakaanza kuhamisha mifugo, na wanaohama hukutana visimani. Ukambi uliingia hivyo. Wa kwanza kuletwa alikuwa mvulana kutoka mbali ambaye hakuwahi kuja kwetu, na nikajituliza. Wa pili alikuwa miongoni mwa wale wa Jumatatu. Nilimwangalia macho mekundu, nikamfungua mdomo, nikaona vidoa vyeupe ndani ya shavu kama chembe za chumvi, alama ya ukambi.

Siku nne baadaye mlango wa nyuma ulifunguliwa asubuhi kama kawaida, lakini mtoto hakuwa anatambaa wala kutembea. Alikuwa amelala begani.

"Sista, ako moto. Na anakohoa. Lakini si huyu alidungwa?"

"Alidungwa."

"Basi si ukambi."

Nilimpokea mtoto, nikampeleka dirishani, nikamfungua mdomo.

Tulimlaza katika chumba alichozaliwa. Vipele vilitoka usoni, vikashuka kifuani, kisha mapafu yakashikwa na nimonia. Nilimdunga penisilini kwa saa nilizofundishwa, nikampa maji kwa kijiko, nikampepea kwa jalada la faili. Lori la kwenda Nanyuki halikuwepo siku hizo kwa sababu soko la mifugo lilikuwa limefungwa kwa ukame. Mtu mmoja alikwenda kwa miguu kutafuta gari la shamba la mzungu, na gari lilikuja, lakini lilifika saa saba mchana, naye mtoto alikuwa amekufa saa nne. Mama yake alikuwa amemshika. Mimi nilikuwa namshika mguu, sijui kwa nini mguu. Ulikuwa bado na vumbi kwenye kisigino, la siku aliyocheza mwisho.

Rafiki yangu hakupiga ukelele. Alimfuta pua kwa kona ya shuka, kama ambavyo angefanya siku yoyote.

Walikufa wengine. Siwezi kuwaandika hapa wote, na majina yao mengi nimeyasahau, aibu kusema. Walikuwepo pia waliodungwa siku ile na wasiugue kabisa, na waliougua wakapona. Miaka mingi baadaye, katika hospitali moja Nyeri, nilimuuliza daktari mmoja kwa njia ya mbali, kama mtu anayeulizia habari za mwenzake. Aliniambia hata chanjo nzuri haishiki kwa kila mtoto, na kwamba chanjo ya unga huenda ilivumilia joto la siku moja. "Hakuna anayeweza kujua," alisema, na alidhani ananifariji. Ningejua kwamba nilimuua, ningelia nikamaliza. Ningejua kwamba sikumuua, ningelala. Nimepewa kutojua, na nimeishi nako zaidi ya miaka arobaini.

Baada ya maziko rafiki yangu alirudi kazini. Alifagia, akateka maji. Kicheko hakikurudi, na sikukitarajia. Nilikaa na siri yangu wiki tatu. Kisha asubuhi moja, tukiwa tumekaa kwenye ngazi tukikunja bandeji, nikamwambia. Nilimweleza yote: onyo la mzee, joto la Jumapili, kipimajoto, vichupa. Nililia nikieleza. Yeye hakulia.

Alikunja bandeji aliyokuwa nayo hadi mwisho, akaiweka kwenye kikapu.

"Nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza."

"Ukasema iko sawa. Kwa nini?"

"Wale mama walikuwa wametoka mbali. Niliogopa wakirudi hawatakuja tena."

Nakumbuka nzi kwenye goti lake, na hakumfukuza.

"Mimi sikutoka mbali, Sista," akasema. "Mimi nilikuwa hapa. Mimi ungeniambia."

Ni kweli kabisa. Wale wengine ningeweza kusema nilifanya hesabu, nikakosea. Lakini yeye alikuwa amesimama karibu nami hivi, mtoto mkononi, na ningemnong'oneza tu: wewe ngoja, wa kwako tutamdunga dawa ikija nyingine. Sikufanya hivyo kwa sababu tulihitaji mtoto wa kwanza wa kuwaonyesha watu.

Alifanya kazi hadi mwisho wa mwezi. Siku ya mwisho alisugua sakafu ya vyumba vyote vitatu, akatundika ufunguo kwenye msumari, akamfuata mumewe na ng'ombe upande wa kaskazini. Hakuniaga. Ufunguo niliuona jioni.

Friji mpya ilifika baada ya miezi tisa, ndani ya sanduku la mbao lenye maandishi ya nchi nyingine. Mchungaji alikuja nayo mwenyewe, tukaifungua, akaomba. Ilikuwa nzuri mno. Ilifanya barafu siku ya kwanza. Nilitangaza chanjo siku ya soko, nikakaa mlangoni toka asubuhi. Walikuja wanawake sita. Mwaka huo huo niliomba uhamisho, nikarudishwa Nyeri, ambako niliolewa na kuzaa wavulana wawili na kufanya kazi hadi nikastaafu. Wauguzi wenzangu walinicheka kwa sababu nilikuwa namwaga dawa ambayo ilikaa nje dakika chache tu. Walisema nina roho ya ubadhirifu. Niliwaacha waseme.

Rafiki yangu nilimwona mara moja tu tena, sokoni Nanyuki, watoto wangu wakiwa tayari shule ya upili. Nilikuwa nimekwenda kumwona shemeji yangu na nilikuwa nachagua viazi. Aliniona kwanza. Alikuwa amekonda, kichwa kimenyolewa vizuri, na pembeni yake alisimama kijana mrefu aliyefanana naye macho.

"Sista," akasema, akanipa mkono.

Tulisalimiana kama watu wa heshima wanavyosalimiana. Aliuliza wanangu ni wangapi na kama wana afya. Nikauliza mvua, ng'ombe, mume. Mume alikuwa amefariki. Nikasema pole, naye akapokea. Akamgeukia kijana wake akamwambia kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie, "Huyu alikuwa daktari Doldol, ile kliniki ya zamani." Kijana akainamisha kichwa nimguse, kama desturi yao, na nikakigusa.

Nikamwomba tukae hoteli ya karibu tunywe chai. Alisema gari lao linakaribia kujaa. Niliwatazama wakipita katikati ya magunia hadi stendi, yeye mbele, kijana nyuma amebeba debe la mafuta ya kupikia begani. Mwenye viazi akaniuliza mara mbili kama nachukua au sichukui.